Nimeitoa laptopu ya zamani Windows 10 na kuiweka Linux: gemu zetu za vita zimekubali zote isipokuwa moja (Kigoma)

Mwanga Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, huku Mwanga. Uzi huu nimeuchelewesha makusudi, nilitaka kazi niifanye kwa mkono wangu kwanza, nisije nikawaelekeza watu mambo ya kusikia.

Laptopu ni HP EliteBook 840 G1, mtumba, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, na hadidiski ya GB 500, zile za kuzunguka. Tunaitumia wawili, mimi na mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne. Mchana naandikia watu barua na CV na kuprinti. Usiku baada ya isha ni zamu ya vita. Gemu zetu ni za zamani: Project IGI ya mwaka 2000, Delta Force: Black Hawk Down ya 2003, Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, na Counter-Strike 1.6 ambayo kwetu ndiyo ugali wa kila siku. Anayeijua IGI anajua ile misheni huwezi kusevu katikati. Umetembea dakika arobaini kwa tumbo kwenye nyasi, risasi moja kutoka kwenye mnara, unaanza upya getini. Mimi na mdogo wangu tumekua na gemu hiyo. Yeye anashika kibodi, mimi nahesabu walinzi.

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika, iliendelea kuwaka kama jana yake, ila marekebisho ya usalama ndiyo yalikoma. Kwangu hilo ni zito kwa sababu kutwa nzima napokea flashi za watu, na flashi ya mtu huwa imeshapita kwenye kompyuta nyingi kabla ya kufika kwangu. Windows 11 nayo ikanikatalia mlangoni. Inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), inataka Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine), na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yetu ni ya nne.

Sasa mfumo endeshi wenyewe haukunitisha. Kilichonitisha ni yaliyotukuta huko nyuma. Kuna fundi mmoja, simtaji, aliniuliza "kuna kitu cha maana humu?" Nikamjibu hakuna, ni gemu tu. Akafomati, akapiga Windows mpya, nikalipa, nikaondoka. Usiku mdogo wangu akafungua Call of Duty akakuta yuko misheni ya kwanza. Alikuwa amebakiza misheni mbili amalize kwenye ugumu wa Veteran, kazi ya miezi. Hakusema neno. Aliifunga laptopu taratibu akaenda kukaa barazani gizani. Siku ya tatu mama akaomba aoneshwe picha za harusi ya dada. Nikakumbuka zilikuwa kwenye Downloads, nilizihamishia humo kutoka kwenye simu ya dada, na simu yenyewe ilishaibiwa. Picha zile hazipo tena popote duniani. Mama bado huwa anauliza.

Kwa hiyo safari hii sikugusa mfumo kabla ya kutumia jioni tatu nzima kukusanya vitu, na hapa naomba mnisome polepole.

Sevu za gemu hazikai sehemu moja. Gemu za zamani ziliandika sevu ndani ya folda ya gemu yenyewe. Call of Duty 4 ina folda inaitwa players, na humo ndani ndimo zinamokaa profaili na sevu. Lakini Windows kuanzia Vista haitaki programu ya kawaida iandike ndani ya Program Files. Inachofanya, inayachepusha maandishi hayo kimyakimya kwenye folda iliyofichwa: AppData, ndani yake Local, ndani yake VirtualStore. Unanakili folda ya gemu, unaona umemaliza, kumbe miezi yako yote imebaki kule. Zetu tulizikuta kule kule. Gemu nyingine zinaweka kwenye Documents, nyingine Saved Games. Njia iliyotusaidia ni hii: washa gemu, cheza dakika mbili, sevu, toka, kisha tafuta kwenye diski nzima faili zilizobadilika leo. Zinajitokeza zenyewe.

Tukanakili kwenye hadidiski ya nje, nikaipeleka kwa jirani nikaichomeka kwenye mashine yake, nikafungua picha moja moja. Kunakili bila kufungua kuhakikisha ni nusu ya kazi.

Nikanunua SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 na RAM nyingine ya GB 4. Zingatia ni DDR3L, ile yenye L mwishoni. Mfuniko wa chini wa 840 G1 hauhitaji bisibisi. Kuna kitasa kidogo, unakisukuma, mfuniko unateleza na kutoka. Ndani nilikuta vumbi letu jekundu limejishona kwenye mapezi ya kipoozeo hadi limekuwa kama kipande cha kitambaa. Nililivuta kwa kibano likatoka zima. Ukisafisha feni ishikilie kwa kidole isizunguke. Tangu siku hiyo haijawahi kulia ile sauti yake ya kupaa.

Nikachagua Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure. Msingi wake ni Ubuntu 24.04, na itahudumiwa hadi Aprili 2029. Faili lake linakaribia GB 3. Nililipakua usiku kwa bando la usiku, umeme ukakatika mara mbili. Lilipokamilika nikalinganisha namba yake ya SHA256, inayoonesha kama faili limefika zima, na ile iliyo kwenye tovuti yao: hazikufanana. Nikalifuta, nikapakua tena, zikafanana herufi kwa herufi. Watu wengi huruka hatua hii, halafu mfumo unakwamia katikati wanasema Linux mbovu.

Nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kwenye HP unapowasha unabonyeza F9, unachagua flashi. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo nilikaa humo saa nzima nikajaribu WiFi, spika, mwanga wa skrini, printa. Printa ilijitambua yenyewe bila drava. Nilipotosheka ndipo nikabonyeza kufunga, nikaenda kunywa chai, niliporudi imeshaisha.

Kuwaka sasa ni sekunde chache. Counter-Strike 1.6 kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ina toleo la Linux kabisa, inakimbia vizuri kuliko zamani. IGI na Black Hawk Down nimezifungua kwa Wine, programu ya kufungulia vitu vya Windows ndani ya Linux, zinacheza. Tatizo ni Call of Duty 4, ambayo safari hii tuliinunua kihalali Steam. Ukibonyeza, skrini inakuwa nyeusi sekunde tatu, inarudi ulipokuwa. Haisemi kosa lolote. Sevu za mdogo wangu ziko salama kwenye diski, amezianza upya na kufika mbali kuliko mara ile, lakini hana pa kuzifungulia. Anayejua anisaidie.

Kibirizi Asubuhi

Napiga kambi hapa mkuu. Mimi nina Core 2 Duo ya RAM GB 2, imelala kabatini. Mint itaingia?

Mwanga Juu

@Kibirizi Asubuhi itaingia, Core 2 Duo ni biti 64 na GB 2 ndicho kiwango chao cha chini. Chukua toleo la Xfce, ndilo jepesi. Ila ukifungua kurasa tano za intaneti utaisikia inavyohema, kama unaweza ongeza RAM kwanza.

Fundi wa Isevya

Mwanzisha uzi, mimi niko Tabora, natengeneza kompyuta huku Isevya. Hongera kwa kazi safi. Tatizo lako nalijua na nitakueleza chanzo chake, maana ukijua chanzo utalitatua na kwenye gemu nyingine.

Steam kwenye Linux inafungua gemu za Windows kwa kutumia Proton, kitu walichokitoa Valve, wenye Steam, mwaka 2018. Gemu yako inaongea lugha ya picha ya Windows, DirectX. Proton inaitafsiri kwenda lugha nyingine inaitwa Vulkan, ndiyo kadi ya picha ielewe. Matoleo mapya ya Proton yanataka Vulkan 1.3. Sasa Intel kizazi cha nne, na hiyo kadi ya picha HD 4400 iliyomo kwenye 840 G1, Vulkan yake haijakamilika. Mkalimani anaongea, msikilizaji haelewi, gemu inakufa. Ndiyo skrini nyeusi yako.

Dawa yake: nenda kwenye sifa za gemu ndani ya Steam, kwenye kisanduku cha maagizo ya kuwashia andika hivi hivi ilivyo:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Hapo unaiambia Proton iache Vulkan itumie OpenGL, lugha ya picha ya zamani zaidi, ambayo kadi yako inaijua vizuri. Kwa gemu ya 2007 inatosha kabisa. Ikigoma, chagua Proton ya zamani kidogo, ya 7 au chini. Folda ya players iweke ndani ya folda ya gemu, steamapps kisha common.

Nitumie nafasi hii kusema jambo ambalo kila wiki linaniletea mtu mwenye huzuni dukani. Kabla ya kubadili mfumo, andika kwenye karatasi gemu unazocheza, moja moja, kwa majina. Uzee wa mashine ni jambo la pili. La kwanza ni mlinzi wa gemu. Gemu nyingi za vita za mtandaoni siku hizi zina programu ya kuzuia wadanganyifu inayokaa kwenye kiini cha Windows, chini kabisa, na Linux haina nafasi ya kuikaribisha. Valorant haifunguki Linux. Warzone haifunguki. PUBG ya kompyuta haifunguki. Apex Legends ilikuwa inafunguka, wakaifunga mwishoni mwa 2024. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 inataka hata hiyo Windows yako iwe imewashwa Secure Boot. Kijana akija na laptopu ya nguvu, anacheza Warzone, akaniambia nimpige Mint kwa sababu kaona rafiki yake anayo, namkatalia. Namwambia baki Windows, kodi ya hiyo gemu ndiyo hiyo.

Wewe mwanzisha uzi gemu zako hazina mlinzi wa namna hiyo, ndiyo maana umevuka salama.

Kwa wanaobaki Windows 10: Microsoft wameweka nyongeza ya marekebisho kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya mipangilio ya Windows Update yenyewe. Na wale wanaouliza kuhusu kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, Rufus ina uwezo wa kuandaa flashi inayoruka ukaguzi wa TPM. Nimewafungia watu, inafanya kazi. Lakini Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine hizo, na gemu inayodai TPM 2.0 bado itakukatalia, kwa kuwa umeruka mlango wa Windows tu, mlango wa gemu uko palepale.

Jambo la mwisho kwa wanaotaka kuweka mifumo miwili kwenye diski moja: kabla hujaanza, angalia Windows yako imewekwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha (Legacy) au mpya (UEFI). Flashi iwashe kwa mtindo uleule. Ukichanganya, kila mfumo utakaa kivyake na ile orodha ya kuchagua hutaiona, na utadhani Windows imefutwa. Haijafutwa. Usifomati kwa hasira.

Gungu Relini

Fundi, nimeifuata karatasi yako. Gemu zangu nne, mbili ni Warzone na PUBG. Nimekaa kimya nikarudisha flashi mfukoni. Asante, ningelia.

Dada wa Kitete

Wakuu mimi ni mzazi, Tabora hapa. Nasoma uzi mzuri wa ufundi lakini naona mnaongelea gemu za kuua watu kama mnaongelea bao. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja, anatoka shule anakwenda kibandani kwa jirani kucheza hizo hizo Call of Duty. Akilala usiku anaongea maneno ya bunduki. Kuna mtu wa kuniambia hizi gemu ni za umri gani?

Fundi wa Isevya

Dada yangu, umeuliza jambo la haki. Call of Duty 4 ina herufi M kwenye kasha lake kwa utaratibu wa Marekani, maana yake miaka 17 na kuendelea. Mwenye kibanda hana kasha, ana faili tu, kwa hiyo hakuna anayeiona hiyo herufi. Nenda kaongee naye kwa upole. Mimi nina kibanda pia, nimeweka mpira na magari kwa watoto, na za bunduki baada ya saa moja usiku kwa watu wazima.

Mwalimu Kasulu

Naomba nami niseme, maana nimeishi na jambo hili kwa karibu.

Nafundisha huku Kasulu. Mtaani kwetu kuna kibanda cha gemu, televisheni mbili na kompyuta moja, spika zimetazama barabarani. Miongoni mwa vijana wanaopita pale yupo aliyezaliwa Kongo, familia yake ilipita kambi ya Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo. Kijana huyu anapenda kompyuta kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Siku moja nilikuwa natembea naye, kibandani mtu akafyatua bunduki ya kwenye gemu. Kijana alihama upande wa pili wa barabara bila kukatisha sentensi aliyokuwa anaiongea. Aliendelea kuniuliza swali lake la hesabu, ila alikuwa anatembea ukutani, bega linagusa tofali. Nilimjibu swali lake. Sikujua la kumwambia zaidi.

Sisemi gemu zifutwe. Mimi mwenyewe nilicheza Delta Force chuoni. Ninachosema ni kwamba mkoa wetu si kama mikoa mingine. Hapa mtu unayekaa naye foleni ya maji anaweza kuwa anaijua sauti hiyo kwa namna nyingine kabisa. Sauti za bunduki kwenye gemu nyingi za sasa zimerekodiwa kutoka kwenye bunduki za kweli.

Na wapo watengenezaji waliolitafakari hili. Mwaka 2017 gemu ya Arma 3 ilipata nyongeza iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mchezaji hapewi bunduki tu, anakuwa mtegua mabomu wa shirika la misaada, anarudi kwenye kijiji baada ya vita na kuona kila upande ulifanya nini pale. Sehemu ya mapato ilikwenda Msalaba Mwekundu. Upande wa pili wa shilingi, jeshi la Marekani lilitoa gemu yake mwenyewe ya bure mwaka 2002, America's Army, kwa ajili ya kuvutia vijana wajiunge. Zote mbili ni gemu za vita. Kijana anayecheza ana haki ya kujua nani ametengeneza anachokicheza na kwa nini.

Mwenye kibanda nilimwomba ageuze spika zitazame ndani. Aligeuza siku ileile.

Mwanga Juu

Mwalimu, shikamoo. Nimelisoma andiko lako mara tatu na nimemsomea mdogo wangu. Dirisha letu linatazama uchochoro ambao watu hupita hadi usiku, na nyumba ya tatu kuna familia kutoka ng'ambo ya ziwa. Miaka yote hatukuwahi kuwaza. Jana nimenunua hedfoni mbili na kigawanyio cha waya ili tusikie wote wawili. Spika hatuwashi tena kwenye gemu za bunduki.

Fundi, mkono wako ubarikiwe. Nimeandika ule mstari, nikabonyeza, skrini ikawa nyeusi, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, muziki ukaanza. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu hajakaa. Alifungua profaili yake, akakuta misheni yake, alama zake zote zipo. Akavuta kiti. Nimeshusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720 na kuzima vivuli, inacheza bila kukwamakwama. Amemaliza Veteran juzi usiku saa saba kasoro.

Kibirizi Asubuhi

Hongera zake sana! Mkuu, Counter-Strike mnacheza wawili kwa bando?

Mwanga Juu

Hapana, bando la nini. Tuna switchi ndogo ya matundu matano na waya. Jumamosi wanakuja vijana wawili na laptopu zao. Mmoja anafungua seva, wengine tunaandika anwani yake, inaanza na 192.168. Angalizo moja kwa waliohamia Mint: ukuta wake wa moto huwa umezimwa, ila kama uliuwasha lazima uruhusu mlango wa 27015 kwa UDP, la sivyo wenzako hawataiona seva yako. Tulipoteza Jumamosi nzima tukibadilisha waya wakati waya hazina kosa. Amri ni sudo ufw allow 27015/udp.

Mzee wa Ujiji

Vijana, mimi si mchezaji. Mjukuu wangu kanionesha uzi huu kwa sababu mmetaja Kigoma. Nimewahi kukaa nyuma yake nikamtazama akicheza vita vya Ufaransa, vya Urusi, vya Uarabuni. Nikamuuliza, ya hapa iko wapi? Akasema hakuna.

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa mlipo. Wajerumani walileta meli yao Graf von Götzen kutoka Papenburg ikiwa vipande, ndani ya makasha elfu tano, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Reli ya kati ilikuwa imefika mwaka mmoja tu kabla. Waingereza nao walivusha maboti mawili kutoka Afrika Kusini, kwa reli na kwa kuburutwa porini, hadi ziwani. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ile meli ili isitekwe, na siku chache baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Kabla ya hapo Tabora Wajerumani waligonga sarafu, za dhahabu zenye tembo, na nyingine za shaba iliyotokana na maganda ya mizinga. Meli ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote hayo walikuwa Waafrika, wakiwemo watu wa hapa, wengi wao hawakurudi, na majina ya wengi hayajulikani.

Kama kuna kijana anajua kutengeneza hizo gemu, basi kiwanja kipo.

Mwanga Juu

Mzee, shikamoo. Maneno yako yamemkosesha mdogo wangu usingizi, na nasema kweli.

Kutengeneza gemu nzima hatuwezi. Lakini Counter-Strike 1.6 inaruhusu mtu ajenge ramani yake mwenyewe, na ipo programu ya kujengea inaitwa J.A.C.K. ambayo inafunguka Linux. Ameanza na stesheni ya Kigoma, lile jengo la Wajerumani. Ramani za gemu hii zinapimwa kwa vipimo vyake: mtu aliyesimama ana urefu wa 72, na ngazi anayoweza kuipanda kwa kutembea bila kuruka ni 18. Kwa hiyo jana alikwenda stesheni na futi ya fundi cherehani, akapima ngazi, akapima upana wa tao moja la mbele, akahesabu matao yote, akaandika kwenye daftari lake la zamani la jiografia. Mlinzi akamuuliza anafanya nini, akamweleza. Yule baba akamshikia upande wa pili wa futi.

Usiku tumekaa na hesabu. Ukigeuza sentimita kwenda vipimo vya gemu kwa urefu wa mtu, ngazi za kweli zinaangukia chini ya 18, mchezaji anapanda bila shida. Kuta nne za chini zimeshasimama. Ukisimama katikati na kuangalia juu bado ni anga tupu, paa hana vipimo vyake.

Ameamua pia kwamba hataweka bunduki kwanza. Anataka mtu aingie, atembee hadi jukwaa la treni, ageuke, alione ziwa.

Mwenye picha ya upande wa reli, au ya paa kutoka juu kilimani, aiweke humu. Na Fundi, ukipita stesheni ya Tabora, ukiwa na futi, naomba utupimie na hiyo.

Fundi wa Isevya

Jumapili asubuhi nitakuwa pale. Nitapima ngazi, milango na tao. Mwambie mdogo wako anitumie orodha ya anachotaka, asiache kitu.